Msumari Shingoni mwa Sesilia

Kitenge kilikuwa kimelowa mahali pamoja tu, penye msumari wa mwisho, na paa halivuji.

Kavugho alikiona mchana, kwenye mazoezi ya kwaya. Kanisa lao la wahamiaji mjini Whitehall zamani lilikuwa la Wakatoliki, na nyuma ya madhabahu ilibaki picha kubwa kama ukuta: Mtakatifu Sesilia, mlinzi wa waimbaji, kati ya malaika wanono, mdomo wazi, anaimba. Siku chache kabla ya hapo mchungaji alitaka ifunikwe kwa kitenge. Wazee walisita. Kavugho, moto wa midahalo chuoni, aliwapangua wote. "Ni rangi na turubai tu!" Watu walipokwisha kutoka, akabaki na kijana Jules tu, akapanda ngazi, akagonga mwenyewe. Msumari wa mwisho ulizama shingoni mwa mtakatifu kilaini, kama kwenye nyama.

Tangu hapo mama yake, Adolphine, aliyetazamiwa kuongoza kwaya kwenye tamasha la Buffalo, hakutoa sauti. Madaktari hawakuona kitu. Nyumbani kulinuka ubani ambao hakuna aliyeuchoma.

Mzee Mushagalusa, mtu wa maombi, akaitwa kutoka Louisville. Akasimama kanisani mbele ya kwaya, akagusa kitenge, akanusa vidole.

"Bon, sawa. Kuna roho humu, tena imeumizwa. Nani alipiga ule musumari ya shingo?"

Macho yote yakamwendea Jules, aliyeshika ngazi siku ile.

"Si mimi, papa! Nilishika ngazi tu, haki ya Mungu!"

"Na ile mikono yako ya kuvunja kila kitu!" mama mmoja akamzomea.

Kavugho, asiyekosa jibu hata mbele ya maprofesa, akatazama viatu vyake. Alipoinua macho, mama yake alikuwa anamwangalia. Alijua. Midomo yake bubu ikaunda neno moja: nyamaza.

Hilo ndilo lililomshinda. "Ni mimi," akasema, akapanda ngazi, ubani ukimkaba, kitu nyuma ya kitenge kikihema kila alipohema, akaung'ang'ania msumari uliokuwa na joto kama kidole cha mtu, akavuta, akalia, akavuta, hadi ukatoka na kitenge kikaporomoka.

Chini, Adolphine akaanza kuimba. Sauti nyembamba, safi, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale.

"Haleluya!" kwaya ikalipuka.

Kavugho peke yake, juu ya ngazi, ndiye aliyeona kwamba mdomo wa Sesilia sasa umefungwa. Na ndani ya turubai, karibu kabisa na sikio lake, mama yake akanong'ona:

"Kavu, mutoto wangu, unaniacha huku na nani?"