Nyota Katika Picha Iliyofunikwa

Tegeni masikio, enyi mliokusanyika, msikie yaliyompata rafiki yangu Cirhuza hapa Bukavu, enzi za Zaïre.

Alipewa kazi ya kuboresha programu ya kompyuta iliyohesabu nyota katika picha za anga. Maman Nsimire ndiye aliyeiandika, kwa miaka saba. Cirhuza akalifuta jina la mama huyo, akaweka lake, kisha akafanya hila hadi mama akafukuzwa.

"Programu yako iko muzee kama wewe, maman. Enda ulime mihogo kwenu Katana!"

"Jina langu futa, citoyen," mama akajibu, akimwita mwananchi kwa desturi ya enzi hizo. "Ule mwenye anaita kila nyota kwa jina hasahau hata moja."

Adhuhuri ya siku ileile mama alipofukuzwa, Cirhuza aliijaribu programu kwa picha iliyopigwa darubini ikiwa imefunikwa. Picha hiyo ni giza tupu. Jibu lake sharti liwe sifuri. Mashine ya kuchapa majibu ya kompyuta ikagonga, ta-ta-ta: moja. Akarudia. Moja.

Mara umeme ukakatika, na chumba kile kisicho na dirisha kikawa kama kaburi. Cirhuza akashusha pumzi: bila umeme, mashine haiwezi kugonga.

Ndipo, gizani, mashine ikaanza kugonga tena.

Ndugu yangu mpendwa, wewe uliyefuta jina la mwenzako, lirudishe leo, kungali mchana.