Anwani ya Mshona Mapazia

Jumamosi mchana duka la vitambaa lilikuwa limefurika, na jamaa mmoja mrefu, shati jeupe na raba miguuni, alikuwa amekumbatia jora zima la kitambaa kizito cha zambarau akitafuta pa kulipia. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alijaribu kunyamaza akashindwa.

"Samahani kaka. Hicho ni cha nini?"

"Cha dirisha la chumbani."

"Ukubwa wake?"

Jamaa akalaza jora juu ya kaunta, akaonyesha kwa mikono. Akaonyesha tena, na mara ya pili dirisha likawa limekua.

"Hicho kinafaa jukwaa la ukumbi wa sherehe," mwanamke akamwambia. "Ukikitundika chumbani hutajua kama kumekucha."

Jamaa alicheka, akarudisha jora mahali pake. Walipofika mlangoni kila mmoja alishajua kazi ya mwenzake. Yule mwanamke alikuwa mshona mapazia, ana chumba chake cha kazi nyuma ya duka la dawa. Yule mwanamume alikuwa fundi wa tovuti. Aliposikia hivyo mshonaji akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita huku na huku, maana jambo hilo lilikuwa limemzungusha kichwa kwa muda mrefu. Mdogo wake alimshauri achukue zile tovuti zenye muundo tayari, ajaze picha na maneno mwenyewe. Alijaza, ikatoka kama duka la kila mtu. Kampuni moja ya ghorofani nayo ilimtajia bei ambayo hakutaka hata kuirudia.

Fundi angeweza kujinadi papo hapo. Badala yake aliuliza swali. "Mtu akifungua hiyo tovuti, unataka afanye nini?"

Wote waliotangulia walimuuliza anapenda rangi gani. Mshonaji akafikiri.

"Anipigie simu, niende nikapime dirisha lake."

"Basi anza na hilo. Mengine ni mapambo."

Wakakubaliana hapo hapo. Fundi atamjengea tovuti, naye mshonaji atamshonea mapazia.

Fundi alipokuja kumwona kazini, mshonaji alimweleza kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwake kuliko lilivyoonekana. Tangu usichana alishona katika duka la shangazi yake. Wateja walimpenda, lakini namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya duka. Siku alipoondoka kwenda kujitegemea, waliendelea kupiga namba ile ile, na kila aliyemuulizia alijibiwa kwamba yule binti ameacha kushona. Wengine walimpa pole ya ugonjwa walipokutana naye barabarani. Alianza upya kabisa, na alichotaka sasa ni mahali pamoja ambapo hakuna mtu atakayeitika kwa niaba yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia juu ya meza ya kukatia. Tukumbuke kwamba alisikia.

Kazi ikaanza, na simu nazo zikaanza.

"Picha ya sebule imekaa upande," mshonaji angemwambia.

"Imekaa upande, au wewe umelala?"

"Nimekaa kitako kama mtu mwenye adabu zake. Irekebishe."

"Na mapazia yangu je? Bado nimetundika shuka dirishani, majirani wananihurumia."

"Kitambaa hakijafika, mpenzi. Vumilia kidogo."

Fundi akaacha alichokuwa akichapa.

"Umesemaje?"

"Nimesema kitambaa hakijafika."

Tangu hapo hakuna aliyejifanya kwamba zile zilikuwa simu za kazi. Tovuti ikafunguliwa, wenye madirisha wakaanza kupiga, na mshonaji akawa anatembea mjini na utepe wake huku uso umenawiri. Kila alipotaka kubadilisha kitu alimpigia fundi, naye alikibadilisha upesi. Alipomwomba amfundishe, fundi alisema watalifanya siku yenye nafasi. Siku hiyo haikupatikana.

Kisha mshonaji akataka barua pepe yenye jina la duka lake. Fundi alikuwa kwenye kikao, simu yake imezimwa, hivyo mshonaji akapiga mwenyewe kwa kampuni inayosajili anwani za tovuti. Binti wa pale alikuwa mpole.

"Samahani dada, anwani hii imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Tunaweza kuzungumza na mwenyewe tu."

Mshonaji alimtajia jina la fundi. Ndilo lililokuwa limeandikwa. Alishukuru, akakata simu, akabaki ameshika kipande cha upindo alichokuwa akikishona bila kujua akifanyie nini.

Fundi alipompigia jioni, mshonaji hakupokea, na kesho yake hakupokea. Fundi naye, bila habari yoyote, akajitungia maelezo: wateja wameshakuja, fundi wa nini tena. Akanuna siku kadhaa. Mwishowe alishindwa, akaenda mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kazi cha mshonaji.

"Anwani ni ya nani?" mshonaji aliuliza kabla hajaketi.

Fundi alieleza kwamba wateja wake wote huwasajilia kwa jina lake, kwa sababu wao husahau kuilipia kila mwaka na tovuti inapotea. Ni mazoea tu. Mshonaji alimtazama mpaka akayaacha maelezo hayo.

"Na kwako kulikuwa na jingine," akasema taratibu. "Nikikukabidhi kila kitu, utajua kubadilisha picha mwenyewe. Niliogopa simu itanyamaza."

"Kwa hiyo ulinifungia mlango, ili uwe wewe wa kunifungulia."

"Sikuliona hivyo."

"Nilikusimulia habari ya shangazi. Ulikaa kiti hicho hicho."

Fundi aliinuka, akaondoka.

Muda si mrefu ujumbe ulifika kutoka kwa ile kampuni: anwani sasa ni ya mshonaji, achague neno la siri. Fundi naye alituma maelekezo mafupi ya kubadilisha picha, bila salamu ya ziada, bila lile neno mpenzi. Hakupiga simu tena. Alitaka mshonaji awe huru kweli, na kufanya hivyo kulimuuma.

Mshonaji alijaribu picha ya kwanza, ikatokea kichwa chini. Alicheka peke yake, akanyoosha mkono kuchukua simu amwambie, kisha akakumbuka. Akaigeuza mwenyewe, ikakaa vizuri. Alipoinama kutafuta uzi chini ya meza, mkono wake uligusa mfuko.

Yalikuwa mapazia ya fundi, yameshonwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Yalikwisha zamani, hata kabla ya tovuti. Kila alipoulizwa alijibu kwamba kitambaa hakijafika.

Akakaa sakafuni. Alijiambia kwamba dirisha si sawa na riziki ya mtu, na ni kweli si sawa. Lakini hasira yake ilikosa pa kukaa.

Kesho yake mchana alimgongea fundi mlango. Shuka lilikuwa bado dirishani, limeshikiliwa kwa misumari. Mshonaji alipanda juu ya kiti, fundi akakishika kisiyumbe, naye akayatundika mapazia.

"Kitambaa kimefika?"

"Kilifika zamani. Nilikudanganya." Alikuwa bado amempa mgongo, anapanga mikunjo. "Nilijua nikikuletea hutakuwa na la kunipigia."

Fundi aliinua uso kumtazama.

"Ila tusiyapime sawa," mshonaji akaendelea. "Mimi nilikushikia dirisha. Wewe ulinishikia kazi yangu. Lako ni zito zaidi, na nilitaka nikwambie nikiwa sina hasira."

"Najua ni zito. Nisamehe."

Alishuka. Mwanga ulipita kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, chumba kikawa kama cha mtu mwingine.

"Basi pazia lipo, na anwani ni yako," fundi akasema. "Hakuna anayemhitaji mwenzake kwa kazi yoyote."

"Hakuna."

"Sasa ukija kesho, utakuwa umefuata nini?"

Mshonaji alivua utepe shingoni, akaukunja, akautia mkobani.

"Nitakuwa nimekufuata wewe," akasema. "Uweke chai mapema."