Kadhi Aliyeinuka Barazani Mara Mbili

Zama hizo mji wa Mwambakuu ulikuwa na ukuta wake na siva yake, baragumu la pembe, na vita vyake na mji wa Utwani vilikuwa vimeingia mwaka wa saba. Amiri Fumo Shaibu, aliyewaokoa watu wake mara tatu, akaenda Utwani kutafuta suluhu, akaipata. Aliporudi alfajiri na mjumbe wa Utwani, Mbwarahaji, Amiri akauawa mbele ya lango la Mwambakuu. Mlinzi wa lango, Famau, akaapa kwamba mjumbe ndiye aliyemchoma kwa jambia.

Mji mzima ulikitaka kichwa cha Mbwarahaji kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba kikianguka, vita vingerudi siku hiyo hiyo.

Kesi ikamwangukia Kadhi Sheye Kimau, mtu wa elimu nyingi na hasira za karibu. Marehemu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Ulimuua?" akamuuliza mshtakiwa.

"Nimesema tangu alfajiri, mshale ulitoka ukutani," Mbwarahaji akajibu. "Mkanicheka. Mwaniuliza nini tena?"

Kadhi akafunga kitabu, akainuka. "Nimekasirika, na sheria yanikataza kuhukumu nikiwa hivi. Kesho."

Watu wakamzomea. Siku ya pili mjane wa Amiri alipoangua kilio barazani, kadhi akahisi damu imempanda, akainuka tena. Sasa Sultani mwenyewe akamjia juu.

"Kadhi, waogopa? Nikuvue kilemba nimpe mwingine?"

"Kilemba ni chako, Maulana. Lakini kikiwa kichwani pangu, sitamuua mtu kwa hasira zangu."

Sultani akampa siku moja tu.

Kadhi akaenda kaburini kwa rafiki yake, akalia mpaka akachoka. Siku ya tatu alikuja ametulia, na kwa utulivu ule likamjia swali ambalo sote tuliokuwapo tungeliuliza mwanzo, laiti tusingekuwa na haraka ya kuchinja: Amiri alikufa amevaa nini?

Nguo zikaletwa. Juu yake alikuwa na joho la buluu la Utwani, kwani desturi yao ni kumvika joho mgeni aliyeleta amani. Kifuani palikuwa na tundu la mviringo, dogo mno kwa jambia.

Kadhi hakupaza sauti. "Famau, mwanangu, katika gizagiza lile ulimwona nani?"

Famau alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Upole ule ukammaliza.

"Nilimwona adui, Fakihi! Niliona joho, nikafyatua. Nilipomfikia nikamtambua, nikauchomoa mshale. Nikaogopa."

Watu wakamrukia. Kadhi akasimama mbele yake, mikono ameitandaza, akahukumu kwamba ameua bila kukusudia; afunge saumu miezi miwili mfululizo, na kwa kiapo chake cha uongo asishike tena ulinzi. Mjane akafuta machozi, akasema amemsamehe.

Mbwarahaji akafunguliwa minyororo, naye akaapa mbele ya wote kwamba suluhu ya Amiri ingalipo.

Baraza lilipotawanyika, Sultani akamvuta kadhi kando. "Niambie kweli, Sheye. Kama ungehukumu siku ile ya kwanza, ingekuwaje?"

"Ningemuua mjumbe, Maulana. Na usiku ningelala fofofo."

Sultani akaamuru malango yote manne yafunguliwe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba wanawake wa Mwambakuu wakatoka nje ya ukuta kwenda kulima mashamba yao.