Mabuu wa Mwaija na Machicha ya Mkonge

Kila asubuhi Mwaija alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamsaidia Bibi Hajira kuwasha moto. Akishamaliza hukimbilia nyuma ya jiko. Hapo kivulini palikuwa na mtungi uliovunjika shingo, na ndani yake ndimo alimofuga mifugo yake.

"Mifugo gani hiyo isiyolia wala kutoa maziwa?" Bibi alimtania. "Funza tu hao!"

"Si funza, Bibi, ni mabuu! Mungu akipenda watakuwa mbawakawa wenye pembe!"

"Haya, Mungu akipenda. Lakini osha mikono kabla hujagusa unga wangu."

Mwaija alisoma darasa la tano katika kijiji cha ujamaa karibu na Mazinde. Siku moja wanafunzi walikuwa wakibeba samadi kupeleka shamba la shule. Jembe likafunua mabuu weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja. Watoto wakapiga kelele, wengine wakaruka nyuma. Mwalimu Simeo akacheka, akasema kila anayetaka achukue wachache akawalee nyumbani.

"Atakayemfikisha buu wake hadi awe mbawakawa, nitakwenda naye Korogwe mjini," alisema. "Ataonyesha kazi yake siku ya Saba Saba. Lakini sikilizeni: wapeni samadi ya zamani iliyooza vizuri, yenye unyevu kidogo. Kitu kingine chochote, niulizeni kwanza. Na mtu asiende kuchezea machicha ya mkonge, yale makapi yanayotupwa kule kwenye mashine ya kukamulia nyuzi. Yanawasha ngozi."

Korogwe! Mwaija hakuwahi kufika. Siku hiyo hakula vizuri kwa furaha.

Rafiki yake Paulina, ambaye wazazi wake walitoka Vugiri, naye alifuga mabuu. "Wangu wamenenepa, we Mwaija," alijigamba siku moja njiani. "Wako wamekonda utafikiri wanafunga Ramadhani."

"Subiri uone!" Mwaija alijibu, lakini maneno yale yalimchoma.

Jioni alipita karibu na shamba la mkonge, akawaona ng'ombe wakila machicha yaliyotupwa na mashine. Walikuwa wamenona, manyoya yanang'aa. Akajiambia, kama ng'ombe mzima ananenepa hivi, buu je? Akajaza kikapu machicha mabichi, huku mikono ikimwasha. Nyumbani akayafukia chini kabisa ya mtungi, akayafunika kwa samadi.

Asubuhi mtungi ulikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa. Harufu ya uchachu ilimpiga usoni. Mabuu wote walikuwa wamepanda juu, wengine wanajinyonganyonga, wengine wamelegea na kuanza kuwa weusi.

Mwaija aliwaweka walio hai kwenye sahani ya bati, akakimbia hadi nyumbani kwa mwalimu. Paulina alimwona, akamfuata.

"Shikamoo, Mwalimu! Mabuu wangu wanakufa!"

"Marahaba. Hebu niwaone. Umewapa nini?"

Mwaija aliificha mikono yake nyuma. "Samadi tu, Mwalimu."

"Maji je? Ulizidisha?"

"Labda."

"Basi ni maji. Warudishe mle mle mtungini, uuache wazi upepo uingie. Samadi ikipungua maji, watapona."

Walirudi wakikimbia. Paulina alishika sahani, akainama juu ya mtungi.

"Usiwamwage!" Mwaija alipiga kelele.

"Mwalimu si kasema?"

"Mle ndani kuna machicha ya mkonge."

Paulina akaduwaa. "Ya kwenye mashine? Na umemwambia Mwalimu samadi tu? Twende ukamwambie!"

"Nikimwambia, sitakwenda Korogwe."

"Kwani utakwenda Korogwe na maiti?"

Mwaija alitazama sahani. Buu mmoja alikuwa anafungua kinywa na kufunga. Akaishika sahani kwa mikono miwili na kurudi kwa Mwalimu mbio zaidi kuliko alivyokuja.

Mwalimu Simeo alipomsikiliza aliitazama ile mikono yenye vipele, akaiacha chai yake mezani. "Machicha mabichi yanachacha na kupata joto, na maji yake ni makali," alisema huku akitembea haraka. "Ng'ombe ana tumbo lake. Buu ngozi yake laini, na anakaa humo humo kwenye chakula."

Paulina alikimbilia kwao, akaleta samadi yake ya zamani. Bibi Hajira akatoa chungu kingine. Mwalimu akawaonyesha: unafinya samadi mkononi, ishikane bila kuchuruzika maji. Waliwahamisha mabuu kwa jani, mmoja mmoja, na waliokufa wakawazika mbali. Bibi akasema "Bismillahi," akafunika chungu kwa gunia.

Masika ikaja, ikapita. Mabuu walikula, wakanenepa, kisha wakajitengenezea vyumba vya udongo na kutulia, wakawa na rangi ya kahawia. Mwaija alitamani kuwachokonoa, lakini hakuwagusa.

Asubuhi moja, mwezi wa sita, kukasikika kwaru, kwaru, kwaru!

"Mwaija!" Bibi aliita. "Njoo upesi! Kuna mtu anakwaruza humu!"

Samadi ilitikisika. Ikatokea pembe, kisha kichwa, kisha mbawakawa mweusi anayemetameta kama kiatu kilichopigwa rangi! Mwaija aliruka, akamkumbatia Bibi, akatoka mbio kumwita Paulina, ambaye mbawakawa wake alikuwa ametoka jana yake. Wakaenda pamoja kwa mwalimu, kila mmoja akipaza sauti kumzidi mwenzake.

"Korogwe mtakwenda wote wawili," alisema Mwalimu Simeo. Shangwe zilipotulia akamgeukia Mwaija. "Kuweka machicha lilikuwa kosa, na ulikatazwa. Lakini uliponificha ukweli, mimi mwenyewe nilikuagiza uwarudishe kwenye kifo. Mgonjwa akificha alichokula, daktari atampa dawa isiyo yake. Ukikosea, mwanangu, sema kweli upesi, wakati bado wapo wa kuokoa."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Mwaija, na mbawakawa akatembea taratibu juu ya kiganja chake.