Jiwe la Lorenza

Sogeeni. Hili lilimkuta wifi yangu Lorenza, mke wa kaka yangu Cipriano, humu humu katika hifadhi tuliyotengewa watu wetu, kwenye kambi ya mama tunakochuma matunda ya midungusi kila mwaka kabla ya mvua.

Asubuhi ile tulikuwa tunacheka tu. Sharubati inachemka, mimi na ngoe yangu naangua. Lorenza huyo, na ndoo zake, kauendea mdungusi wa mama. Ule mkubwa wenye mikono.

"Huo aliniachia mimi, wifi."

"Mama, mama! Mama yako si alikufa? Au ndiye huyu kasimama hapa?"

"Funga domo. Midungusi hii ni watu, wanasikia."

"Basi asikie na hili!"

Akaokota jiwe, akaurushia. Likaupata mkono wa kushoto, pale kwapani. Maji yakatoka. Kwetu hata mtoto mtundu hafanyi vile.

Jioni mkono wa kushoto wa Lorenza ukapanda juu. Ukakaza. Cipriano kavuta weee, haushuki.

Mganga akaja, akampulizia moshi wa tumbaku. Akamwambia polepole, "Kamwombe radhi uliyempiga. Yeye na wifi yako, wote wawili. Ukimruka mmoja, huioni mvua."

Kulipokucha nikamwona Lorenza kapiga magoti kwenye mdungusi. Mkono ukashuka. Mimi akanipita.

"Na mimi je, wifi?"

"Nimemwomba mwenye mkono. Wewe koroga sharubati yako."

Tukarudi nyumbani. Ndege akaanza kumfuata. Gogota, yule anayetoboa midungusi atage. Leo juu ya bati. Kesho dirishani. Ko. Ko. Ko. Wanamfukuza, anarudi. Lorenza akawa anatembea kabana kwapa.

Siku wingu la kwanza lilipotanda, Cipriano alikuja mbio. "Dada, twende. Anakutaka. Anasema umsamehe."

Nilikimbia na uzee huu. Nilimkuta ana joto bado. Pumzi hana.

Tulimwosha mimi na binti yake. Tukainua mkono wa kushoto. Kwapani pana tundu. La mviringo, kama limepimwa. Damu hakuna. Kingo kavu, ngumu kama gome.

"Shangazi," binti akaninong'oneza, "sikiliza."

Ndani mlikuwa na vifaranga. Vinalia.

Tulizika siku ile ile, mvua inanyesha. Udongo ukajaa, tukaukanyaga.

Bado vinalia.