Daftari la Saba

Wiki ile shule zilikuwa zinafunguliwa, na duka la steshenari lilifurika mpaka mlangoni. Wazazi wanagombania madaftari, watoto wanalilia mabegi yenye picha, muuzaji anapiga kelele, "Jamani, foleni! Foleni ni bure!" Katikati ya vurugu hizo alisimama binti wa miaka ishirini na minne, gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, kitambaa cha njano kichwani, kucha zimegandwa na gundi. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, meza ya kukunja na kushona vitabu, na wenzake walimwita Gundi.

Alifuata daftari moja na penseli mbili. Akasukumwa, mkoba ukafunguka, daftari lake la zamani likaanguka. Kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, akaliokota. Badala ya kumpa, akalifungua.

"'Saa ya meli ilipozungushwa kinyumenyume, bahari nayo ikaanza kurudi ilikotoka,'" akasoma. "Dada, hiki ni kitu gani?"

"Ni mambo yangu. Nipe."

"Nitakupa. Kwanza niambie bahari ilirudi wapi."

"Miaka mia tatu nyuma. Haya, lete."

"Na melini yumo nani?"

"Msichana wa miaka kumi na miwili ndiye nahodha, na mdogo wake mtundu. Kaka, unaingia kwenye mambo ya watu bila hodi?"

"Hodi," akasema, akagonga jalada mara tatu kwa kidole.

Gundi akacheka. Mabinti, mimi nawaambia, kicheko kile ndicho kilichofungua mlango.

Kijana alikuwa mchoraji wa picha za vitabu vya watoto, na aliondoka dukani na namba ya simu ya Gundi. Kesho yake saa ya chakula cha mchana akapiga simu.

"Gundi wangu, umeshakula?"

"Nani kakwambia mimi wako?"

"Mkono wangu ulinasa kwenye daftari lako, mpaka leo haujabanduka. Nisomee kidogo."

Ikawa ndiyo desturi. Kila mchana Gundi alikaa juu ya marobota ya karatasi nyuma ya kiwanda, simu sikioni, anamsomea. Meli inapita kwenye ukungu, inatokea kwa mabaharia wa zamani. Mdogo wake nahodha anaiba dira ya baharia mmoja mzee, anaificha ndani ya soksi. Mchoraji anacheka, anauliza, anasema "Endelea, roho yangu." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gundi aendelee. Kwao aliambiwa azime taa.

Baada ya miezi mitatu mchoraji akasema, "Nipe madaftari yote sita ya hadithi hii. Nitayachapa kwenye kompyuta, nitachora picha, tutoe kitabu. Mimi na wewe."

Sasa mama yake Gundi alikuwa na tabia yake. Nyumba waliyopanga ilikuwa na bomba moja kwa wapangaji wanane, na vyombo vilipotea. Basi mama alinunua rangi ya kucha nyekundu, na hakupaka kucha hata siku moja. Aliandika jina kwenye ndoo, sufuria, mwiko, mpaka chini ya kandambili.

Akamwona mwanawe anafunga madaftari kwenye mfuko. "Umeandika jina lako?"

"Mama, yameandikwa kwa penseli tu, bado nayarekebisha."

"Nimekuuliza jina."

"Haya ni mapenzi, mama, si ndoo."

"Ndoo ikipotea nanunua nyingine," mama akasema, akashika kichupa chake. Lakini mwana alishatoka, amejipulizia manukato, anakimbia.

Mchoraji alichora kweli. Alimchora msichana nahodha akampa uso wa Gundi, mpaka kidoti cha chini ya jicho. Alimpenda, sitamsingizia. Siku alipopeleka kazi kwenye kampuni ya vitabu, alikusudia kusema ukweli. Lakini mwenye kampuni alisoma kurasa kumi, akasimama, akampa mkono. "Hii umeandika wewe? Miaka yote nilidhani wewe ni wa picha tu!" Mchoraji alikuwa amesubiri maneno hayo maisha yake yote. Akasema, "Ndiyo, mzee." Neno moja tu lilitoka, na hakulirudisha.

Kwa Gundi akaanza kusema, "Vuta subira, mpenzi, wanasoma." Simu za mchana zikapungua. Gundi akanunua daftari jipya, la saba, akaandika humo jinsi watoto wanavyorudi nyumbani. Alikuwa akimwekea mpenzi wake. Alitaka amsomee ana kwa ana, siku kitabu kitakapotoka.

Kitabu kikatoka. Kazi iliingia kiwandani Jumatatu asubuhi, nakala elfu tatu. Gundi akavuta karatasi ya kwanza, akaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, kama anavyokunja kila siku. Jicho likaangukia mstari: Saa ya meli ilipozungushwa kinyumenyume.

Moyo ukaruka kwa furaha. Akadhani amefanyiwa mshangao! Akakimbilia rundo la magamba ya kitabu kutafuta jina lake. Gamba zuri, bahari ya kijani, uso wake yeye mwenyewe unamtazama. Chini yake jina la mwanaume, peke yake. Akapekua ndani, ukurasa wa shukrani. Kamshukuru mwenye kampuni. Kamshukuru mama yake mzazi. Basi.

"Gundi, vipi? Unaumwa?" msimamizi akauliza.

"Hapana, bosi. Karatasi imenikata."

Na kazi ni kazi. Siku tatu alikunja, akapanga, akashona pamoja na wenzake, mpaka nakala zote elfu tatu zikaisha.

Siku ya tatu akapiga simu. "Umefanya nini?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekishona mimi! Hujui nafanya kazi gani?"

"Gundi wangu, nisikilize..."

"Usiniite hivyo."

Akakata. Akamfungia simu mwezi mzima. Madaftari sita hayakurudi.

Watoto walikipenda kile kitabu, wakaanza kuandika barua kwa kampuni. Meli iliachwa imekwama miaka mia tatu nyuma. Wanarudije? Mwenye kampuni akataka sehemu ya pili kabla shule hazijafungwa. Mchoraji akakaa na kalamu wiki nzima. Akawapa watoto wa melini upepo, meli haikwenda. Akawapa nyangumi, haikwenda.

Jumapili akabisha hodi kwa kina Gundi. Suti nyeusi, kisanduku chekundu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, hakumkaribisha kiti.

Mchoraji akapiga goti mbele ya Gundi. Pete ilikuwa nzuri. "Nimekosa. Nikuoe, nikutunze. Nisamehe."

Gundi alilia. Bado alimpenda, nani angebisha? "Nenda kwa mwenye kampuni," akasema. "Mwambie nani kaandika. Ukitoka huko, njoo na hiyo pete."

"Nitaaibika, mpenzi. Nitafukuzwa. Halafu jina ni kitu gani? Tukioana, jina langu si ndilo lako?" Akasogea karibu. "Ila niambie tu, wale watoto wanarudije?"

Gundi akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Akafunga kisanduku taratibu, akakirudisha kwenye mfuko wa koti lake, akaupigapiga juu kama mtu anayemtengeneza mtoto wa shule.

"Nenda salama," akasema.

Mlango ulipofungwa, mama akamsogelea. "Kwani wanarudije, mwanangu?"

Gundi akatoa daftari la saba chini ya godoro, akasoma kwa sauti inayokatika. Meli haisogei, wanajaribu kila kitu, haisogei. Mpaka mdogo wake nahodha anavua soksi, anatoa dira, anakwenda mwenyewe kwa yule baharia mzee, anamtazama usoni, anasema: hii ni yako, niliichukua mimi. Hapo saa inaanza kutembea mbele.

Mama akaenda dirishani, akarudi na kichupa chekundu.

"Kesho unakwenda wapi?"

"Kwa mwenye kampuni."

"Nitakusindikiza."

Kitabu cha kwanza kingebaki vile vile kwenye mabegi ya watoto elfu tatu, uso wa Gundi juu, jina la mwingine chini. Gundi alilijua hilo. Akafungua kichupa, akalaza daftari mezani, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, halafu akalipulizia mpaka likakauka.