Barakoa ya Marehemu Luhende

Saa saba mchana, Wilhelmina akiwa sebuleni anachambua mchele, mashine ya pumzi ya mumewe iliwaka yenyewe chumbani.

Mashine ile haina tabia ya kujiwakia. Inangoja mtu avute pumzi ndani ya barakoa, ndipo ianze kupuliza. Na mumewe, mzee Mashimba, alikuwa uani ananoa panga. Wilhelmina alimwona dirishani kwa macho yake mawili. Akaingia chumbani polepole. Barakoa imening'inia msumarini, haina mtu, na mashine inapuliza, inatulia, inapuliza, inatulia. Aliizima, akajiambia ni umeme. Umeme wa Nyakato ukirudi una vituko vyake. Ila siku hiyo haukuwa umekatika.

Moyoni alijua, na aliona aibu. Mashimba alikuwa na ugonjwa wa kukatikiwa pumzi usingizini. Bila mashine angeweza kulala asiamke. Mikanda ya barakoa yake ya pua ilipokatika, hospitali walimwambia nyingine angoje mwezi mzima. Wiki hiyohiyo akafariki Luhende wa Kisesa, rafiki yake toka enzi za kiwanda cha pamba, naye mgonjwa wa maradhi yaleyale. Wilhelmina alikuwa kati ya wanawake waliofagia chumba cha marehemu. Akaiona barakoa yake, ile kubwa ya kufunika pua na mdomo, akaifutika ndani ya kitenge. Matanga hayakuwa yameanuliwa, na kabla ya hapo hata kijiko cha marehemu hakitoki nyumbani, mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akamdanganya mumewe kwamba Mhoja, mjane wa Luhende, ndiye aliyempa.

Baada ya kuizima mashine, Wilhelmina akampigia simu nesi Gladness wa hospitali ya mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine inawaka yenyewe."

"Mmebadilisha barakoa?"

"Ndiyo. Tumeweka ya uso."

"Basi lazima muiambie mashine, mama, la sivyo inapima hewa vibaya. Ingia kwenye mpangilio, penye aina ya barakoa. Toa 'pua', weka 'uso mzima'. Presha msiiguse, mleteni mzee tumpime upya."

Aliingia. Palishaandikwa 'uso mzima'. Mashimba hajui hata kitufe cha kuwashia, na yeye mwenyewe hakuwa amegusa kitu.

"Nisomee na saa alizotumia jana," Gladness alisema.

Mashimba alilala saa nne, akaamka saa kumi na moja alfajiri. Saa saba. Kioo cha mashine kilionyesha kumi na nne.

"Mh! Labda mnaitumia wawili," Gladness akacheka.

Usiku ule hakufumba jicho. Mwanzoni alisikia harufu tu, harufu ya ugoro, na Mashimba hajawahi kunusa ugoro maishani mwake, ila Luhende alikuwa haachi kikopo mfukoni. Kisha akaona kifua cha mumewe kimetulia kabisa, hakipandi wala hakishuki, na bado ndani ya barakoa mtu alikuwa anavuta pumzi, ndefu, nzito, ya mtu aliyetoka mbali na aliyechoka, na ile plastiki ikaingia ukungu na kutoka ukungu juu ya midomo ambayo haikutikisika, mpaka sauti aliyoizoea miaka ishirini ikanong'ona, "Shemeji. Nirudishie changu." Hapana mwingine aliyemwita shemeji isipokuwa Luhende. Akaivuta barakoa kwa mikono miwili. Mashimba akakoroma, akakwama, uso ukaanza kuwa mweusi, na Wilhelmina, huku analia, akamrudishia palepale. Angefanyaje? Akiitoa mume anakufa, akiiacha wanalala wawili.

Asubuhi alikuwa Kisesa, siku ya kuanua matanga. Alipiga magoti mbele ya Mhoja akaungama yote.

"Dada, ulichukua kabla hajaaga?" Mhoja alinong'ona. "Alikuwa bado anaitumia!"

Waliiosha kwa maji ya dawa, wakaifukia kando ya kaburi. Mhoja akamshika bega.

"Umeleta vyote?"

"Vyote."

Mikanda ya barakoa ile ilikuwa kifuani mwa Wilhelmina, ndani ya blauzi. Bila mikanda ile barakoa ya zamani ya pua isingekaa, na Mashimba asingefika asubuhi. Mikanda ni ya kisogoni tu, alijitetea, haikugusa pumzi ya mtu.

Usiku aliifunga barakoa ya pua kwa mikanda ya marehemu, akarudisha mpangilio kwenye 'pua', akakaa macho. Hakukuwa na harufu, hakukuwa na sauti. Kifua cha mumewe kilipanda na kushuka hadi jogoo akawika, na Wilhelmina akasinzia pale pale kwenye kiti.

Alipoamka, mzee ameketi kitandani amempa mgongo, barakoa ameshaivua. Wilhelmina alikimbilia kioo. Saa saba. Aliyepumua ni mmoja tu! Machozi ya furaha yakamtoka.

"Asante Mungu wangu. Umelalaje, Baba Jonathan?"

Miaka yote ya ndoa yao alimjibu kwa jina moja, Mama Jonathan. Mzee aligeuka taratibu, akajipapasa mfukoni kama anayetafuta kikopo.

"Vizuri sana, shemeji. Hebu nitafutie ugoro kidogo."